Ngoma Isiyo ya Wamasai

Ngoma ililetwa kwa pikipiki, imefungwa kwa mpira nyuma ya katekista, Jumapili moja ya kiangazi katika kigango kimoja huko Simanjiro. Kanisa lilikuwa kivuli cha mgunga, na altare ilikuwa meza ya mbao iliyotikisika kila upepo ulipopita. Katekista, kijana wa Kiiraqw aliyesomea kazi hiyo mjini, aliifungua ngoma yake kwa fahari. Kwenye semina aliambiwa kwamba misa ya Kiafrika haikamiliki bila ngoma, naye akatafuta nzuri, tena ya ngozi ya ng'ombe, akijua ng'ombe ana nafasi gani kwa Wamasai.

Wimbo wa mwanzo ukaanza. Akina mama kama thelathini, shanga zimewajaa shingoni, wakaimba kwa namna yao: mmoja anatangulia, wengine wanamjibu, mabega yanasukumwa mbele na kurudi ili zile shanga pana ziruke na kugonga kifuani. Ngoma ikaingia. Akina mama wakaenda njia yao, ngoma njia yake. Ubeti wa pili katekista akaongeza kasi akidhani amebaki nyuma. Ubeti wa tatu akapunguza. Mwishowe bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele, bila hata kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kuulaza juu ya ngozi ya ngoma, kama mtu anayemtuliza ndama. Wimbo ukamalizika bila ngoma.

Baadaye nilimuuliza kupitia mjukuu wake. Yeyo (mama), ngoma haikukupendeza? Akacheka. "Ni nzuri," alisema. "Ni ya Waswahili."

Wamasai hawapigi ngoma. Muziki wao wa jadi ni koo na kifua: mwimbishaji, yaani olaranyani, anapaza, na kundi linamshikia kwa mngurumo wa chini unaotoka tumboni. Anayetaka kujua hilo hahitaji kwenda chuo kikuu. Asubuhi moja katika boma lenye sherehe inatosha. Lakini ngoma ilinunuliwa, ikafungwa kwenye pikipiki na kusafirishwa kwenye vumbi kilomita nyingi ili Wamasai wafanywe Waafrika. Tangu siku ile, kila nikisikia neno utamadunisho, ambalo Wakatoliki wa kwetu hulitumia kwa kazi ya kuivika Injili utamaduni wa watu, swali langu la kwanza ni moja: nani aliulizwa?

Nia yenyewe siibezi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliomalizika mwaka 1965 ulifungua mlango, na Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia maaskofu wa Afrika waziwazi kwamba wanaweza kuwa na Ukristo wa Kiafrika, na tena wanapaswa kuwa nao. Walutheri nao, kupitia misioni ya Leipzig iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuwa na mchungaji Bruno Gutmann, aliyejenga usharika wa Wachaga juu ya ukoo, ujirani na marika badala ya kuvivunja. Kwa hiyo wazo ni la zamani. Tatizo lake katika nchi ya Wamasai ni kwamba mara nyingi limeishia kwenye kitambaa. Stola ya padri inashonwa shanga, kitambaa cha altare kinakuwa shuka jekundu, picha inapigwa, inapelekwa kwa wafadhili. Mambo mazito, yaani nani anaamua, nani anakula na nani, nani anaolewa na nani anakatwa, yanabaki pale pale yalipokuwa, au yanaamuliwa na mtu aliye mbali sana na boma.

Tuanze na lugha, maana hapo na sisi tumo. Kwa Kimaa, mtu asiye Mmasai, hasa huyu wa suruali na kalamu, anaitwa ormeek. Kwa miaka mingi neno hilo lilimwangukia pia kijana wa Kimasai aliyepelekwa shule na kubatizwa. Alirudi nyumbani ana jina la Petro au Yohane, anajua kusoma, hajui kutofautisha ng'ombe wa baba yake kwa mlio, na wenzake wa rika wakamwita ormeek. Kubatizwa kulikuwa ni kuhama. Na mahali alikohamia si Ulaya, kama tunavyopenda kusema tukiwalaumu Wazungu, alihamia kwetu. Katekisimu ilikuwa ya Kiswahili, nyimbo za Kiswahili, mwalimu Mchaga au Mpare. Bibi aliyeishi miaka sabini bila kuhitaji neno moja la Kiswahili alitakiwa amwambie Mungu "utuhurumie" kwa lugha ambayo kwake ilikuwa ya wafanyabiashara wa ng'ombe na askari. Tunapoandika makala kama hii kwa Kiswahili, tukijadili jinsi Wazungu walivyoshindwa kuwaelewa Wamasai, inafaa tukumbuke kwamba kwa mama yule wa Simanjiro sisi na wao tuko fungu moja.

Shirika la Roho Mtakatifu, lile lililotua Bagamoyo mwaka 1868 na kuanza kazi kwa kuwakomboa watumwa, ndilo lililobeba kwa upande wa Katoliki sehemu kubwa ya kazi ya Umasaini Tanzania, kupitia mapadri wake wa Kimarekani. Njia yao ya mwanzo ilikuwa ile ile iliyofaulu Kilimanjaro: jenga shule, jenga zahanati, pata watoto, subiri. Kwa Wachaga, watu wa kihamba wasiohama, ilizaa matunda. Kwa wafugaji ilizaa akina ormeek.

Mtu aliyekiri hilo kwa maandishi ni mmoja wa mapadri hao, Vincent Donovan. Mei 1966, akiwa Loliondo, alimwandikia askofu wake wa Arusha, Dennis Durning, barua ambayo bado inauma ukiisoma. Misheni ilikuwa na miaka saba, ina shule nne na hospitali ndogo, mapadri wanapendwa na wanaalikwa mabomani, na hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja anayeishika dini. Watoto waliosoma shule, wakimaliza, wanaiacha dini pamoja na daftari. Akaomba ruhusa ya kuacha yote hayo na kwenda tu bomani kuwazungumzia watu habari za Mungu, basi. (Wengi wetu Loliondo tuliifahamu mwaka 2011 kwa kikombe cha Babu, watu walipopanga foleni ya magari kwenda Samunge. Miaka arobaini na mitano kabla, mapadri walikuwa wakihangaika eneo hilo hilo kumpata mtu mmoja wa kuwasikiliza.)

Alichokifanya Donovan ni cha ujasiri na sitaki kukipunguza. Alipita boma kwa boma, akakaa na watu alfajiri, akawasikiliza habari za Enkai, Mungu wa Wamasai, kabla hajasema zake. Baada ya mwaka wa mafundisho alipotaka kuchagua wa kubatiza, akimtoa huyu kwa utoro na yule kwa uzito wa kuelewa, mzee wa boma alimkatalia: kwa nini unataka kututenganisha? Waliojua walikuwa wamewabeba wasiojua, na walioamini wamewabeba wenye mashaka. Basi wote wakabatizwa pamoja. Boma jingine lilikaa mwaka mzima likasikiliza, likatafakari, likasema hapana, naye akaenda zake. Katika misa alilichukua fungu la majani, ile alama ya amani ambayo kila mtoto wa Kimasai anaijua: anayechapwa akichuma majani mkononi, fimbo inatua chini. Majani yakapitishwa mkono kwa mkono kijiji kizima siku nzima, na kama kuna aliyekataa kuyapokea kwa jirani yake, siku hiyo hapakuwa na ekaristi. Si pambo hilo. Majani yale yalikuwa na nguvu ya kuzuia misa, na kitu kinachoweza kukuzuia ndicho kilichoingia kweli katika ibada.

Sasa angalia upande wa pili wa majani. Nani aliamua boma libatizwe? Wazee. Nani alimkatalia padri? Mzee. Wamisionari wa kizazi hicho, pamoja na wema wao wote, waliisoma jamii ya Kimasai kwa mlango wa wanaume: laigwanani (kiongozi wa rika), morani, oloiboni (mganga na mtabiri), rika. Walipenda usawa wa wenye rika moja, wakapenda kikao cha wazee chini ya mti, wakaona humo mfano wa Kanisa la kwanza. Kuna historia ndefu ya wageni kuona kwa Wamasai wanachotaka kuona. Moritz Merker, afisa wa jeshi la Kijerumani, mwaka 1904 alichapisha kitabu kizima akidai Wamasai ni ndugu wa Waebrania wa kale, na akaleta hadithi zao zinazofanana mno na Mwanzo. Waliokuja baada yake walizitafuta hadithi hizo hawakuziona.

Huku wanaume wakitafutwa, wanawake walikuwa tayari wako mlangoni. Hili amelionyesha vizuri mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kwa Wamasai wa Tanzania: mapadri waliwataka wazee na vijana wa kiume, makanisa yakajaa akina mama, na kwa muda mrefu mapadri wenyewe waliona hilo ni tatizo. Nenda leo kigango chochote cha Monduli, Longido au Kiteto uhesabu shuka na khanga. Wanaume watatu kwenye benchi la nyuma, labda wanne, na mmoja ni mwenyekiti.

Kwa nini akina mama? Jibu rahisi ni kwamba walionewa nyumbani wakakimbilia kanisani. Lina ukweli ndani yake ila ni jibu la mvivu. Ukitaka la kweli, amka saa kumi na moja alfajiri ukae karibu na zizi. Mama anatoka na kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni wa porini, ndiyo maana maziwa ya Wamasai yana ladha ya moshi. Anakamua. Kabla mtoto hajapewa, kabla mume hajaamka, anatupa matone kadhaa hewani kuelekea juu, midomo ikinong'ona. Anamwambia Enkai asante kwa usiku, anamwombea mume, watoto, ndama. Hakuna padri, hakuna mzee, hakuna aliyemtuma. Ibada ya kila siku ya Wamasai imo mkononi mwa mwanamke na imekuwa humo siku zote. Aliyekuja bomani saa tatu asubuhi kuwauliza wazee kuhusu dini yao alikuwa ameshaikosa kwa masaa manne.

Na Enkai mwenyewe! Neno hilo kwa Kimaa ni la kike. Kiambishi chake cha mwanzo ni cha kike, na neno lilelile ni mvua na ni mbingu. Kiswahili hakituulizi swali hilo, maana Mungu wetu hana jinsia katika ngeli. Kiingereza na Kijerumani kinauliza, na wamisionari walikuja na jibu. Biblia nzima ya Kimaa iliyotoka mwaka 1991 imemwita Mungu Enkai, jina la kike, halafu ikamwita Bwana kwa neno la kiume, Olaitoriani. Watu wanasoma yote mawili bila kigugumizi. Sijui mjadala wa kitaalamu juu ya jinsia ya Mungu ambao umefika mbali kama walivyofika wao bila kuanzisha mjadala wowote.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna mkakati wa kichungaji uliolipanga. Kuanzia miaka ya 1950 na kuendelea, kwanza kusini kisha likipanda kaskazini, akina mama wa Kimasai walianza kushikwa na maradhi waliyoyaita orpeko. Ukilisikiliza neno hilo vizuri unausikia upepo, unamsikia na pepo wetu. Mama anatetemeka, anaanguka, anakosa usingizi, mwingine anaacha kula. Dawa za nyumbani hazikusaidia na oloiboni naye hakufua dafu. Kilichosaidia ni kanisa: mafundisho, nyimbo, ubatizo. Mume aliyekuwa amemkataza mke wake kukanyaga kigangoni sasa alimpeleka mwenyewe, maana angefanyaje? Mama anayeumwa hakamui. Akishabatizwa lazima aendelee kwenda, vinginevyo maradhi yatarudi. Kwa hiyo kila Jumapili anavaa msalaba wake wa shanga, anawaacha ng'ombe na mume, na anakwenda kuimba na wenzake mpaka jua limesimama.

Mapadri wengi walikunja uso. Walikuwa wamesoma kwamba ubatizo huja baada ya mafundisho na imani ya hiari, nao wakaletewa wagonjwa wanaotetemeka. Wengine walishuku ni ujanja. Mimi nalitazama tofauti. Wakati wanaume wenye digrii wakiandika jinsi ya kuupatanisha Ukristo na utamaduni wa Kimasai, wanawake wasiojua kusoma walikuwa wameshaupatanisha kwa miili yao. Walichukua kitu cha kigeni wakakiweka penye jeraha lililoletwa na mambo hayo hayo ya kigeni: mashamba yaliyokula malisho, kodi, shule, serikali iliyomtambua mwanamume peke yake kuwa mkuu wa kaya na mwenye ng'ombe. Na wakaipata sababu ambayo mume hawezi kuibishia. Kama huo si utamadunisho, sijui utamadunisho ni kitu gani.

Kuna neno moja ambalo linanifurahisha kila nikilikuta. Watafsiri wa Biblia walipohitaji neno la "agano", walichukua osotua. Agano Jipya kwa Kimaa ni Osotua Ng'ejuk. Maana ya asili ya osotua ni kitovu, ule utambi unaomfunga mtoto na mama. Kutoka hapo likawa jina la uhusiano wa watu wawili waliofungamana: wewe ukikwama, unakuja kwangu unaomba, nami nikiwa nacho nakupa, na hatuandiki popote. Siku nikikwama mimi nitaomba, na utanipa kiasi ninachohitaji, hata kama ni zaidi au pungufu ya nilichokupa. Deni lina neno lake jingine, esile, na mtu wa osotua hadaiwi. Osotua hurithiwa na watoto.

Sasa chukua neno hilo ulirudishe kwenye mahubiri. Nimesikia wahubiri, wa madhehebu zaidi ya moja, wakiwahubiria Wamasai habari za Yesu aliyelipa deni letu. Ni lugha ya sokoni, ya mkopo, ya benki. Na muda wote huo, katika jalada la kitabu walichokishika mkononi, limeandikwa neno linalosema hakukuwa na deni: palikuwa na kitovu, palikuwa na aliyekwama na aliyekuwa nacho. Mmasai mchungaji wa kondoo angeweza kumfundisha profesa wa teolojia jambo la neema hapo, laiti profesa angeuliza neno lile lilitoka wapi.

Lakini mambo si lugha tu, na hapa pana ugumu ambao shanga haziwezi kuufunika.

Wake wengi kwanza. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa kwamba mwanamume mwenye wake watatu abaki na mmoja ndipo abatizwe. Wake zake wanaweza kubatizwa, yeye angoje. Eugene Hillman, padri mwingine wa shirika lile lile aliyefanya kazi Umasaini tangu miaka ya 1950, aliipinga kanuni hiyo kwa nguvu mpaka akaiandikia kitabu mwaka 1975. Waanglikana kwenye mkutano wao wa Lambeth wa mwaka 1988 waliruhusu mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake zake, kwa ahadi ya kutoongeza mwingine. Kanisa Katoliki halijafika huko. Hoja za pande zote mbili nimezisoma, na ninachokikosa katika nyingi ni hesabu ya boma. Kila mke ana nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake, kwa fito, udongo na samadi. Ana ng'ombe waliotengwa kwa ajili ya nyumba hiyo na wanawe. Ukimwambia mume aache wawili ili apate sakramenti, wanaolipia sakramenti hiyo ni wale wawili na watoto wao. Utaliitaje hilo wokovu? Wakati huohuo msichana wa leo, aliyemaliza kidato cha nne Monduli, ukimuuliza kama anataka kuwa mke wa tatu wa mtu wa rika la baba yake, atakujibu kwa macho kabla ya mdomo. Kwa hiyo mimi niko upande wa Hillman kwa mama aliyekwisha kuolewa, na upande wa msichana kwa kesho. Sioni kwamba pana mgongano hapo. Wote wawili wanaomba kitu kimoja, wasiamuliwe bila kuwapo.

Halafu kisu. Emurata, yaani tohara, ya msichana ilikuwa kwa Wamasai ndiyo mlango wa utu uzima na ndoa. Tanzania iliipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kenya ikaja na sheria yake kali zaidi mwaka 2011. Makanisa yana kumbukumbu mbaya: mwaka 1929 misheni kadhaa Kenya ziliwalazimisha waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wasichana, na maelfu wakaondoka wakaanzisha makanisa na shule zao. Tangu hapo wapo wachungaji waliojifunza kunyamaza, wakiita kunyamaza kwao heshima kwa utamaduni. Mimi siiti hivyo. Aliyeketi mezani akajua watoto wanakatwa kesho, akazungumzia rangi ya shuka la altare, amemheshimu nani?

Ila kufoka mimbarini nako kumewapeleka wasichana kukatwa usiku, au wakiwa wachanga, kabla sheria haijawaona. Kilichoonekana kufaa zaidi, hasa Kajiado na Narok, ni pale akina mama na wazee walipokaa wakaitenganisha emurata na kisu chake: kunyolewa nywele kubaki, maziwa yabaki, baraka na mate ya wazee yabaki, jina jipya, mavazi, kuimbwa usiku kucha, na kisu kikaachwa nje ya boma. Katika sherehe hizo majani na maziwa yamefanya kazi ambayo hotuba mia za haki za binadamu hazikufanya. Anayetaka kumwambia Mmasai kwamba binti yake amekuwa mtu mzima inabidi aseme kwa alama ambazo bibi yake binti atazikubali. Na mamlaka ya kusema hivyo wanayo akina mama wenyewe, kwa sababu wakati wote walioshika kisu walikuwa wao.

Donovan alilijua jambo hili la mahali pa kusimama kidete, angalau mezani. Kwa desturi, mwanamume wa Kimasai hali chakula mbele ya wanawake. Macho yao tu yanatosha kukiharibu chakula. Ekaristi inataka wote wale pamoja. Hapo hakutafuta njia ya katikati. Aliwaambia hilo halina hiari, na walikula. Kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani waliomsifu kwa uvumilivu wake, ukurasa huo huwa unapita haraka. Kwangu ndio wenye uzito kuliko yote aliyoyafanya, kwa sababu siku hiyo majani ya amani yalimfikia na mwanamke.

Chakula chenyewe, kwa kweli, bado kinanichekesha kidogo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka mkate wa ngano na divai ya zabibu. Umasaini kitu kitakatifu ni maziwa, na pombe ya asali wanayoinywa wazee kwenye sherehe. Ngano pale ni ya wawekezaji waliochukua malisho, na divai inatoka Dodoma kwa lori. Sitegemei Roma ibadili hilo karibuni, na wala si hapo ningeanzia kupigana.

Ningeanzia kwenye nyumba. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Familia inakabidhiwa nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali na bati, katika safu na nyumba nyingine zinazofanana nayo. Ya kisasa, wanasema watangazaji. Mwenye wake wanne anaingia nayo vipi katika vyumba vitatu? Kanisa lilihangaika karne nzima na swali la mke yupi abaki; sasa ramani ya fundi imelijibu bila kumuuliza askofu, wala mzee, wala mke. Na nyumba ambayo tangu zamani ilikuwa ya mwanamke, kwa sababu yeye ndiye aliyeijenga, sasa ni nyumba aliyopewa mkuu wa kaya.

Mapadri na wachungaji wataalikwa kuzibariki nyumba hizo, wengine wameshaalikwa. Watafika na stola zao za shanga. Labda na ngoma. Nawaomba wafike mapema, kabla ya jua, wakae karibu na mlango wa nyuma waone mama akitoka na kibuyu chake, akitafuta kati ya safu mbili za mabati mahali pa kusimama anyunyize matone yake juu. Wamuulize anasema nini. Wangoje mpaka ajibu, hata kama ng'ombe hawajakamuliwa na misa imechelewa.